Jivu Kwenye Sakafu ya Madam Roza

Harufu ya polishi ya sakafu, ile ya mkebe, bado hunisimamisha nilipo. Watu wengine wakiisikia husema hapa pametunzwa. Mimi nikiisikia naona mama yangu na mimi tumesimama mlangoni mwa ukumbi, tumeshikana mikono, na wasichana wenye sketi nyeupe wanaanguka mmoja baada ya mwingine kama nguo ambazo kamba yake imekatika. Tangu siku hiyo nimecheza baleti kwenye majukwaa ambayo sikujua kama yapo duniani, nimefundisha watoto wa matajiri na watoto wa mama fua, na magoti yangu yote mawili yamekwisha. Shule niliishia darasa la nne. Nalisema hilo mapema ili mtu asinisumbue kuuliza vyeti. Ninachokijua kiliingia kwa miguu, na kimekaa huko huko.

Tulikaa Makina, Kibera, kwenye chumba kimoja cha udongo katika ploti ya Bi Zamzam, mama wa Kinubi aliyekuwa mpishi wa harusi. Nyuma ya vyumba vya wapangaji alikuwa na mafiga yake makubwa, kuni zilizopangwa hadi kwenye paa, masufuria ambayo mtoto kama mimi angeweza kulala ndani, na pipa la jivu lisilopungua. Moshi wa kuni ulikuwa kwenye nguo zetu, kwenye uji wetu, hata kwenye nywele. Siku za harusi wanawake wa Kinubi walicheza doluka hapo uani, wamejifunga vitambaa vya rangi, na ngoma ilipokolea ungedhani mabega yao hayana mfupa. Watoto wa wapangaji tuliruhusiwa kutazama mradi tukae chini. Mimi kukaa chini kulinishinda. Bi Zamzam alikuwa akinipigia kelele, "Wewe mtoto wa Mama Nafula, una mchwa kwenye miguu?" Mama alikuja kutoka Bungoma nikiwa mgongoni mwake. Baba alikwenda kutafuta kazi Kampala, na habari yake inaishia hapo.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka tisa hivi. Shule ilikuwa imeniacha, au mimi ndiye niliyeiacha, sitaki kubishana. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, njia zote za Makina zimekuwa uji wa matope, na mama akapata kazi ya kusafisha ukumbi mmoja wa kanisa karibu na Barabara ya Ngong, juu kidogo ya pale palipo Soko la Toi siku hizi. Ukumbi ulikuwa wa mbao chini, wenye madirisha marefu na piano kwenye kona, na aliyeukodi alikuwa mzungu mmoja mzee, mwembamba kama mwiko, tuliyemwita Madam Roza. Alifundisha baleti mabinti wa watu wenye magari. Alimwambia mama kwamba atamjaribu mwezi mmoja kwanza. Mama naye aliniambia waziwazi, bila kunizungusha, "Nafula, hii kazi ikinitoka tunafunga virago. Nairobi itakuwa imetushinda, tunarudi kwa nyanya yako." Nilimpenda nyanya yangu. Lakini huko hakukuwa na piano.

Maana nilikuwa nimeshanasa. Kazi yangu ilikuwa kusuuza matambara kwenye bomba lililokuwa ubavuni mwa ukumbi, na bomba lilikuwa chini ya dirisha. Siku ya kwanza nilisikia piano ikipigwa polepole, kiatu kikikwaruza mbao, na sauti ya Madam Roza ikihesabu. Nikapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikaona wasichana kumi na wawili wameshika ufito wa mbao uliopigiliwa ukutani, wanakunja magoti pamoja na kuyanyoosha pamoja, migongo imenyooka kama watu waliobeba maji kichwani. Nikashuka, nikashika bomba, nikakunja yangu. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nilikuwa na bomba langu. Nilifanya kwa miguu mitupu, kwenye saruji iliyolowa, na matambara ya mama yakiningoja. Nyumbani nilirudia kila kitu uani kwa Bi Zamzam, kati ya kuku na masufuria. Mama alinitazama akasema, "Huo mguu wako unatafuta nini huko juu?" Nikamwambia sijui, lakini karibu nikipate.

Nilichotaka kilikuwa kimoja: kukanyaga zile mbao. Sikutaka sketi wala viatu vya hariri, nilitaka kujua tu mguu unasikiaje pale unaporuka na kutua juu ya mbao. Mama alijua, akanikataza mapema. "Ile sakafu si yako. Ukiikanyaga umenifuta kazi." Na yeye mwenyewe, nilikuja kugundua baadaye sana, hakuwahi kuikanyaga kama mtu anavyokanyaga njia. Aliingia kwa magoti, na tambara mkononi, akatoka akirudi nyuma kwa magoti, akijifutia nyayo.

Sasa niwaambie kosa letu. Mwisho wa mwezi ule wa majaribio kulikuwa na onyesho. Wazazi wangekuja Jumamosi saa kumi jioni kuwatazama mabinti zao. Ijumaa Madam Roza alimwambia mama, kwa Kiswahili chake cha kuamrisha, "Kesho wageni mingi. Safisha mzuri sana." Kisha akaenda zake. Mama akasimama akaitazama ile sakafu. Ilikuwa imepauka kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta. Mama alikuwa ametoka kufanya kazi kwenye nyumba ambayo mwenyewe alipitisha kidole kwenye sakafu kila asubuhi, na kama hakuiona sura yake pale chini, asubuhi hiyo iliharibika. Kwetu sisi sakafu safi ni sakafu inayong'aa. Mpaka leo ukiingia nyumba ya mtu wa kawaida Nairobi, hata kama ni chumba kimoja, utakuta saruji nyekundu inawaka, na mwenye nyumba atakutazama machoni aone kama umeona. Basi mama akasema kwa huruma kabisa, "Maskini, huyu mama hajawahi kupata mfanyakazi anayejua kazi." Kwenye kabati la stoo kulikuwa na mikebe ya polishi ya kupaka viti vya kanisa. Akaifungua yote.

Sijawahi kufanya kazi kwa furaha kama mchana ule. Tulipaka kwa magoti kutoka ukuta hadi ukuta. Halafu mama akapasua blanketi kuukuu, tukajifunga vipande miguuni, tukaanza kusugua kwa kuteleza. Hivyo ndivyo sakafu zinavyong'arishwa, kila mtoto wa rika langu anajua: mguu huu unakwenda, huu unarudi, kiuno kinafuata. Mama aliimba wimbo wa kwao. Nilikuwa juu ya mbao! Kulikuwa na blanketi katikati, lakini nilikuwa juu. Mama alicheka, akanizungusha mara moja, akajikumbuka, akaacha. Tulipomaliza madirisha yalionekana chini kama yalivyokuwa juu. Tukatoka kinyumenyume, mama akafunga mlango taratibu kama mtu anayefunika mtoto aliyelala.

Jumamosi saa mbili asubuhi wasichana walikuja kufanya mazoezi ya mwisho. Tulisimama mlangoni kungojea sifa. Madam Roza alikuwa kwenye piano, hakutazama chini. Akapiga. Wasichana wakaingia mbio kwenye mstari, na wa kwanza, mrefu mwenye nywele nyekundu, akaruka. Alipotua miguu yote miwili ilikwenda mbele na yeye akabaki nyuma. Wa pili alimshika wa tatu. Kilichofuata nimeshakisema. Yule mrefu alilia ameshika kifundo cha mkono, na Madam Roza alipoinuka kumkimbilia, yeye pia akaenda chini, na sauti ya mzee yule kuanguka ndiyo iliyonitisha kuliko zote.

Akakaa pale pale sakafuni, akapitisha kiganja, akakinusa. "Nani weka hii? Nani nataka kuua watoto yangu?"

"Ni mimi, Madam," mama akasema. "Nimeng'arisha."

"Hii kucheza, hapana kioo! Miguu nataka kushika. Wewe iko wazimu?" Akaelekeza kidole mlangoni. "Maliza. Wewe kwenda. Leo onyesho hakuna."

Mama alifungua leso aliyojifunga kiunoni, akaikunja mara nne, na nilipoiona ikikunjwa nilijua Bungoma tumeshafika. Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka wenyewe. Mimi ni mtu wa mdomo, sijawahi kukana. Nikasema, "Jivu linatoa."

Madam Roza akageuka. "Nani hii?"

"Masufuria ya Bi Zamzam," nikasema, "yale ya harusi, yanakuwa na mafuta hivi," nikaonyesha kwa mkono, "na tunayasugua na jivu na maji moto, yanakuwa makavu mpaka ukiyagusa yanakwaruza." Mama alinibana bega ninyamaze. Madam Roza alinitazama, akatazama saa ya ukutani, akawatazama mabinti wa watu wanaolia. Sidhani aliniamini. Nadhani hakuwa na kingine. Akasema, "Mpaka saa nane."

Tulikimbia. Mama yangu, mwanamke mzito aliyekuwa na heshima zake, alikimbia Makina nzima na viatu mkononi. Bi Zamzam alikuwa anachambua mchele. "Jivu?" akasema. "Wallahi, watu wote wa Kibera wananiomba pilau, wewe unakuja kuniomba jivu?" Mama akaanza kulia. Bi Zamzam akaweka sinia chini. Hakuuliza tena. Alichota jivu mwenyewe, akalichekecha kwenye chekecheke lake la unga ili mkaa usiingie ukachora mbao, akajaza debe moja la mama na karai langu, kisha akajitwika la kwake. Mwenye ploti, mpishi wa harusi za watu wakubwa, alipanda na sisi hadi Barabara ya Ngong na debe la jivu kichwani, akiwajibu watu njiani, "Tunapeleka pilau ya wazungu."

Wanawake wawili na mtoto, kwa magoti, jivu na maji ya moto na brashi. Maji yalikuwa yanachemshwa kwenye jiko la kanisa na kuja kwa ndoo. Polishi ilitoka kama maziwa machafu. Ngozi ya vidole ilichubuka, jivu likaingia, likachoma. Bi Zamzam alisugua akiwatukana wazungu kwa Kinubi. Saa nane ilipofika mbao zilikuwa zimerudi kuwa kijivu, zimepauka vibaya, na mama akazitazama kwa uchungu wa kweli. Kwake tulikuwa tumeiharibu sakafu nzuri.

Madam Roza akaja, akainama, akapitisha kiganja. Wasichana walikuwa nje na wazazi wao, na mzazi mmoja alikuwa ameshasema kwa sauti kwamba mtoto wake hakanyagi mle tena. Madam akasema polepole, "Mimi hapana weka mtoto ya mtu hapa mpaka mimi jua." Akaitazama miguu yake mwenyewe, ya kizee, iliyokuwa imeshaanguka mara moja siku ile. Akamtazama mama. Mama alitoa mguu mmoja, akauweka juu ya mbao, akaurudisha. Hakuweza. Ningekuwa na akili za leo ningeelewa kwa nini. Wakati ule niliona tu kwamba nafasi ni yangu.

Nikaingia katikati. Miguu mitupu, gauni limejaa jivu, mikono inawaka. Nikaruka mara moja na kutua. Mbao ilinishika. Ilikuwa ya joto kidogo kutokana na maji, ilikuwa na ukavu wa unga, na ilinisukuma juu tena kama vile ilikuwa inaningoja. Nikasahau kwamba ninajaribu sakafu. Nikarudi ukutani nikaanza mwanzo wa onyesho lao, kuingia kwa mstari, na kwa kuwa nilikuwa peke yangu nilifanya ya wa kwanza, nikakimbia kufanya ya wa pili, mpaka ya yule mwenye nywele nyekundu na mzunguko wake wa kona hadi kona. Mabega yalikuwa ya doluka, sikatai, hilo lilinichukua miaka kulirekebisha na sasa najuta kulirekebisha. Katikati nikasikia piano. Madam Roza alikuwa ameketi akaanza kupiga bila kuambiwa na mtu, akinitazama mimi badala ya vidole vyake.

Nilipomaliza Bi Zamzam akapiga kigelegele kilichotoka hadi nje kwenye magari. Madam Roza akaniuliza, "Nani fundisha wewe?"

Nikasema, "Dirisha, Madam."

Onyesho lilifanyika saa kumi. Yule mrefu aliyeumia mkono alikuwa na bandeji na alicheza. Kabla ya hapo Madam Roza alimwita mama pembeni na kumwambia maneno ambayo mama aliyarudia maisha yake yote kwa sauti ile ile: "Jumatatu wewe kuja. Mtoto pia. Mtoto, ndani." Njiani kurudi sikuweza kutembea, niliruka. Tulipofika mlangoni petu mama akasema, "Nimesugua siku mbili, halafu wewe unakuja kunikanyagia na miguu yako michafu." Kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

Yaliyofuata ni marefu na sehemu kubwa ni jasho. Nilisoma kwa Madam Roza miaka minane, nikisafisha na mama baada ya darasa. Nikacheza kwenye ukumbi mkubwa mjini nikiigiza mti, kwa sababu hawakuwa na mawazo mengine juu yangu. Mwaka wa pili nilikuwa mti tena. Mwaka wa tatu aliyekuwa malkia aliugua, na mti ulikuwa unajua kila hatua, kwa sababu mti niliuzoea kama bomba: unasimama, unatazama, unajifunza. Sikurudi kuwa mti. Nilicheza Nairobi, nikacheza Dar es Salaam na Kampala, nikapelekwa Ulaya misimu minne nikaona theluji na sikuipenda. Mama alikuja kunitazama mara nyingi. Kila mara nilimtengea kiti cha mbele, na kila mara nilimkuta amesimama karibu na mlango. Nilipoacha jukwaa nilifundisha shule za wenye nacho, ambako waliokuwa na vyeti walinijia pembeni kuniuliza mguu unawekwaje. Miaka mingi nilijisifu kwamba nimejitengeneza mwenyewe. Bado najisifu, nina haki. Lakini debe la jivu lilikuwa kwenye kichwa cha Bi Zamzam, si changu.

Siku hizi niko Kawangware. Nina ukumbi wa mabati wenye sakafu ya saruji niliyoifunika kwa mbao, nusu zimenunuliwa na nusu nimeziokoa kwenye majengo yaliyobomolewa, na nina watoto arobaini wanaoniita Shosho Ticha, yaani nyanya mwalimu. Wageni wenye kamera huja, na hutaka kuwapiga picha watoto wakiruka juu ya mtaro wa maji machafu. Nawafukuza. Mtoto wangu anaruka ndani, kwenye mbao, amechana nywele, au haruki kabisa. Wakati wangu kulikuwa na dirisha moja na mtoto mmoja juu ya ndoo. Sasa madirisha yangu yako chini makusudi, mlango uko wazi, na ukinichungulia mara mbili ya tatu nakuvuta ndani.

Mwezi uliopita tulikuwa na onyesho. Asubuhi nilipofika watoto walinijia mbio. "Shosho Ticha, kuja uone vile floor inawaka! Ni Mama Shiru!" Mama Shiru hufua nguo za watu Lavington, na binti yake ndiye mrukaji wangu bora. Alikuwa ameamka alfajiri kunifanyia hisani. Harufu ilinifikia kabla sijafika mlangoni. Alikuwa amesimama hapo na vipande vya blanketi mkononi, anatabasamu, anatazama macho yangu aone kama nimeona. Mtoto mmoja akakimbia ndani, akateleza hadi ukutani akiwa amekaa. "Woi!" Mama Shiru akashika mdomo. Nilicheka hadi nikaketi chini, na yeye akadhani nimerukwa na akili.

Hakuna anayepika kwa kuni pale mtaani kwetu tena, isipokuwa muuza githeri wa kona, yule wa mahindi na maharagwe ya kuchemsha, naye akatugawia jivu lake. Tukasugua sote, wazazi na watoto na mimi mwenye magoti yaliyokufa. Ilipokauka watoto wakapanga mstari kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kujaribu. Nikawaambia wangoje. Nikamwambia Mama Shiru avue malapa.

"Mimi? Ticha, mimi ni wa kufua tu."

"Vua."

Akavua. Akaweka mguu mmoja juu ya mbao, akataka kuurudisha. Mguu huo niliujua. Mama yangu ameshazikwa Bungoma, na sakafu ya Madam Roza aliijua kwa magoti hadi mwisho. Nikamshika Mama Shiru mkono, nikaingia naye mpaka katikati, nikamwachia pale.

"Sasa ruka," nikamwambia.

Aliwatazama watoto, akamtazama binti yake, akashika sketi yake kwa mikono miwili. Akaruka, na sakafu ikamshika.